Kabla hujameza dawa ya misuli, niambie kesho unaamkia wapi

Mgongo hapa Dar umeacha kuwa ugonjwa wa wazee. Wanakuja vijana wa miaka ishirini na kitu wanatembea wamejikunja upande mmoja, kuli wa Kariakoo, fundi cherehani, dada wa ofisini anayekaa kwenye kiti kutwa nzima alafu anamalizia na foleni ya kurudi Chanika, na wengi wao wameshaandikiwa dawa ya kulegeza misuli au wanataka tu niwauzie bila cheti kwa sababu jirani aliitumia akapona. Mimi nafanya kazi famasi huku Mbagala, na katika dawa zinazopita mikononi mwangu hii ni moja ya zile ambazo natamani mtu akae kwenye benchi tuongee kwanza kabla hajatoa hela. Dawa yenyewe inasaidia, nimeona watu wanapata usingizi baada ya kukesha na maumivu, wanaweza kujigeuza kitandani bila kupiga kelele. Ila madhara yake makubwa yanatokea pale kidonge kinapokutana na kitu kingine, yaani usukani, bia, dawa nyingine uliyonayo kwenye pochi, ngazi za nyumbani, figo iliyochoka. Na hivyo vyote kwenye cheti sivioni, unavijua wewe mwenye mwili wako, kwahiyo usiponiambia tunabahatisha wote wawili.

Kwanza tuelewane dawa inaenda wapi. Wengi wanadhani kidonge kinashuka moja kwa moja mpaka kwenye ule msuli wa kiuno uliokaza kama mtu anavyochuliwa mafuta pale panapouma. Haiendi hivyo. Karibu dawa zote za namna hii wanazoandikiwa watu wa mgongo na shingo zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinatuliza zile taarifa zinazotembea kwenye mishipa ya fahamu kuuambia msuli ukaze. Sasa ubongo ukishatulizwa hauchagui kiuno peke yake, ndo maana unasikia usingizi, mdomo mkavu, kichwa kizito, miguu haina nguvu, macho yanaona ukungu. Na kuna kitu watu hawakifikirii, unaweza usisinzie kabisa, ukajiona mzima, lakini mkono wako unachelewa kukamata breki. Usingizi mtu anausikia, ule uzito wa kuitikia jambo la ghafla hausikii mpaka jambo litokee. (Na tafadhali usichanganye hizi na zile za kulegeza misuli wanazotumia madaktari wa usingizi chumba cha upasuaji, zile zinazima hata misuli ya kupumulia na mgonjwa anapumuliwa kwa mashine, hiyo ni habari nyingine kabisa.)

Sasa tuje kwenye kibahasha. Unakijua kile kibahasha kidogo cha karatasi unachopewa na vidonge vyako, juu kimeandikwa kwa peni 1x3 na basi, hakuna jina la dawa, hakuna nguvu yake, hakuna tarehe. Mtu ananiletea ananiambia "nipe kama hizi", ndani kuna vidonge viwili vya njano, mimi nitajuaje? Vidonge vya njano viko vingi sana duniani. Ni haki yako kuomba jina la dawa liandikwe pamoja na miligramu zake, mwambie kabisa anayekuhudumia, "naomba niandikie na jina", hakuna atakayekugombeza. Na hiyo 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya masaa nane, nasema hivi kwa sababu nimeshakutana na waliomeza vitatu kwa mpigo asubuhi wakasubiri mpaka kesho yake. Na ukisahau dozi ya mchana usije usiku ukameza mbili kufidia. Iliyopita imepita, endelea na inayofuata.

Kibahasha kisicho na jina kinaleta shida kubwa zaidi kwenye vidonge vya mchanganyiko. Zile dawa za misuli zinazouzika sana huku mtaani mara nyingi ndani yake kuna vitu vitatu kwa pamoja, klorzoksazoni ambayo ndo inalegeza misuli, parasetamo, na diklofenaki. Tuchukue kidonge chenye klorzoksazoni miligramu 250, parasetamo 500 na diklofenaki 50. Ukimeza 1x3 umeshaingiza parasetamo 1,500 na diklofenaki 150 kwa siku, na hiyo 150 ndo kikomo cha diklofenaki kwa mtu mzima. Sasa mtu hajui kilichomo, mgongo bado unauma, anachukua Panadol mbili mara tatu, hapo ameongeza 3,000, jumla 4,500 wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 4,000 kwa siku. Na jioni anapitia dispensari anachomwa sindano ya diklo. Yeye anahesabu ametumia dawa tatu tofauti kumbe ni ileile inajirudia. Parasetamo ikizidi inaua ini taratibu na siku ya kwanza husikii chochote cha kutisha, diklofenaki nayo inachimba tumbo, inapandisha presha, inaumiza figo, na mama mjamzito asiiguse bila daktari, hasa mimba ikishafika wiki 20 kuendelea. Kwahiyo kama una vidonda vya tumbo, presha, figo au pumu inayoamshwa na dawa za maumivu sema kabla, kuna njia nyingine za kukusaidia.

Nikiwa bado kwenye klorzoksazoni, kuna watu wanakuja wamepaniki mkojo umegeuka rangi ya machungwa au unaelekea zambarau. Hiyo dawa inaweza kufanya hivyo na rangi yenyewe haina madhara, hata methokabamoli, dawa nyingine ya misuli, inaweza kufanya mkojo uwe wa kahawia au kijani. Kitu cha kuogopa ni macho kuwa ya njano, kichefuchefu kisichoisha, mwili kuwasha, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, hapo acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali wakupime ini, kwa sababu klorzoksazoni mara chache sana huwa inaumiza ini vibaya. Mara chache maana yake ipo.

Haya, usukani. Hapa naomba usome taratibu.

Kijana wa bodaboda alikuja jioni moja ameshika kiuno, ameweka pikipiki hapo nje na mteja anamsubiri juu yake. Akaniambia, "Dada naomba ile ya misuli, nimeze sasa hivi kabisa maji ninayo." Nikamuuliza cheti, akasema hana, basi nikamuuliza na kesho. "Kaka, kesho unaanza saa ngapi?" "Saa kumi na moja nipo kijiweni, hesabu ya bosi hainisubiri." Sikumpa. Nilimpa dawa ya maumivu ya kawaida isiyoleta usingizi, tukaongea kuhusu jinsi anavyokaa kwenye pikipiki na mizigo anayobeba mapajani, nikamwambia akamuone daktari na akifika pale neno la kwanza atakalolisema liwe kazi yake. Nakumbuka alininunia kidogo alafu akaelewa. Daktari akijua wewe ni suka, yaani dereva, anaweza akakuandikia dawa ya maumivu peke yake, au akakupa dawa ya misuli ya usiku tu kwa siku ambazo gari analo deiwaka anayekushikia zamu. Asipojua anakuandikia 1x3 kama anavyomwandikia mtu aliyelala nyumbani.

Na usijidanganye na maneno ya "nameza usiku, asubuhi imeisha". Inategemea dawa. Siklobenzaprini, ile ambayo watu wanaletewa na ndugu zao walioko Marekani, nusu yake bado inakuwemo mwilini kwenye masaa 18 hivi tangu umeze, na kwa wengine zaidi. Piga hesabu mwenyewe, umeze saa tatu usiku, saa kumi na moja alfajiri unashika usukani na dawa iko nyingi tu kwenye damu. Diazepamu, Valium tunayoijua wote, inakaa muda mrefu kuliko hiyo na ukimeza kila siku inajirundika. Tizanidini na baklofeni zinatoka haraka, lakini masaa ya mwanzo zinakulaza kweli. Kwahiyo dozi ya kwanza kabisa ya dawa yoyote ya hivi imeze ukiwa nyumbani, jioni, siku ambayo kesho yake huna safari, uone mwili wako unaichukuliaje. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiangalii pombe peke yake, inakataza pia kuendesha ukiwa umelewa dawa, na kwamba dawa umeandikiwa na daktari hakumrudishi mtu uliyemgonga. Mimi naongeza na wale wasio na leseni lakini kazi zao zina hatari hivyohivyo, fundi seremala na msumeno wake, anayepanda nguzo, kijana wa saiti juu ya kiunzi cha ghorofa, mama ntilie anayekaanga na karai la mafuta linachemka huku mtoto anacheza pembeni.

Pombe sitairembesha. Usichanganye. Bia mbili ambazo siku zote hazikufanyi kitu, juu ya dawa hii zinakufanya kitu, kwa sababu vyote viwili vinaushusha ubongo na vikikutana vinaweza kushusha mpaka pumzi. Konyagi ndo kabisa. Watu huwa wananiuliza wasubiri masaa mangapi, na jibu langu ni kwamba kama umeandikiwa siku tano basi hizo siku tano achana na pombe, huo ndo muda wa kusubiri. Kundi moja na pombe weka tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, weka dawa za usingizi, weka hata Piriton ambayo watu wanameza wakipata mafua kama wanakula pipi, inasinzisha na inajumlishana. Tramadoli naomba uiogope kwa namna ya pekee, kwanza ni dawa inayodhibitiwa, pili ikikutana na diazepamu pumzi ya mtu inaweza kuwa ndogo mpaka ikasimama akiwa usingizini, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tahadhari kali kuliko zote iandikwe kwenye dawa za makundi hayo mawili, kundi la tramadoli na kundi la diazepamu, kwa sababu ya kutumika pamoja. Na siklobenzaprini ikikutana na tramadoli au na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuleta hali ya mwili kuchemka, kutetemeka, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa, ambayo nayo ni ya kukimbizwa hospitali.

Ngoja nieleze na hili la Cipro, ile antibayotiki, maana huku kwetu kila mtu ana UTI.

Mama mmoja mtu mzima alikuja kuchukua tizanidini, cheti kizuri kabisa kimegongwa muhuri. Nikamwamkia, "Shikamoo mama", akaitikia, nikamuomba kama ana dawa nyingine anazotumia aniwekee mezani. Akasita kidogo alafu akafungua kifuko chake akamwaga vyote juu ya kaunta, dawa za presha za aina mbili, chupa ya dawa ya kikohozi, na pakiti ya Cipro imebaki vidonge vinne. "Hii nimepewa juzi dispensari ya kule nyumbani, wameniambia nina UTI, lakini hiyo si ya mgongo mwanangu, haihusiani." Inahusiana sana. Cipro inaziba njia ambayo ini linatumia kuitoa tizanidini mwilini, kiasi cha dawa kwenye damu kinapanda mpaka karibu mara kumi ya kile kilichokusudiwa, na tizanidini yenyewe inashusha presha. Ongeza na dawa zake mbili za presha juu. Yule mama angesimama kwenda chooni usiku angeanguka palepale. Tizanidini na Cipro hazitakiwi kukutana kabisa, sio kwamba uzipishanishe masaa mawili, haitakiwi mtu awe nazo kwa pamoja mwilini. Nilimpigia daktari wake tukiwa wote hapohapo, akabadilisha, na mama akaondoka na kitu kingine.

Hao madaktari wawili hawakuonana, kila mmoja aliandika vizuri kwa alichokijua. Dawa zao zimekutana kwenye kile kifuko. Kwahiyo usione aibu kumwaga dawa zako juu ya kaunta, zote, na za kienyeji kama unazo, na vidonge vya uzazi wa mpango pia, maana navyo vinafanya tizanidini ikawie kutoka mwilini. Wanaotumia ARV najua wengi hamsemi, hasa famasi ya mtaani kwenu ambapo nyuma yako kuna jirani amepanga foleni. Usiseme kwa sauti. Omba tuongee pembeni, au andika kwenye karatasi, au nionyeshe tu kopo, kwa sababu baadhi ya ARV hasa zile zenye ritonaviri zinaifanya diazepamu ikae mwilini zaidi ya kawaida na mimi nahitaji kulijua hilo ili usidhurike. Anayehudumia famasi anatakiwa kukutunzia siri yako, na kama famasi fulani imekutangaza, hama, zipo nyingine.

Muda nao. Dawa hii ni ya siku chache. Nikisema chache namaanisha siku kadhaa mpaka wiki mbili au tatu kwa mgongo uliokaza ghafla, baada ya hapo haina ushahidi wa maana kwamba inaendelea kukusaidia wakati madhara yanaendelea kukuandama. Thiokolchikosaidi, nyingine inayoandikwa sana, Ulaya waliiwekea mipaka mwaka 2013, vidonge visizidi siku saba mfululizo, wasipewe watoto wa chini ya miaka 16, wala mjamzito, wala anayenyonyesha, wala mwanamke anayeweza kushika mimba na hatumii kinga. Hata hizo siku chache msaada wenyewe ni wa kiasi, mwaka 2021 jarida la BMJ lilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi za mgongo ukaonyesha kwamba kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 100 dawa hizi zilipunguza pungufu ya pointi 8 kwenye wiki mbili za mwanzo. Na 2015 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 323 kule New York, waliopewa dawa ya maumivu pamoja na siklobenzaprini hawakupona vizuri kuliko waliopewa dawa ya maumivu na kidonge kisicho na kitu. Siyasemi haya kukukatisha tamaa. Nasema ili ujue kwamba daktari akikwambia hapana, hii huihitaji, hajakunyima tiba. Mgongo mwingi uliokaza unatulia wenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembeatembea, akikanda na maji ya moto, akipunguza kubeba vizito, akienda fiziotherapi kama anaweza. Kulala kitandani wiki nzima kunaukaza zaidi.

Diazepamu ndo inayoniumiza roho. Mtu alipewa miezi mingi iliyopita kwa ajili ya mgongo, mgongo ulishapona, sasa hawezi kulala bila nayo na anazunguka famasi hii na hii kila moja anatoa hadithi tofauti. Mwili ukishaizoea inadai, ukiikata ghafla unatetemeka, hulali, na unaweza kupata degedege. Kama umefika hapo usijifiche wala usiache leo kwa hasira, nenda kwa daktari aipunguze kidogokidogo, kuna utaratibu wake na watu wanatoka.

Wazee wetu jamani. Bibi wa miaka 70 akipewa dawa hizi uwezekano wa kuanguka ni mkubwa, na akivunjika nyonga hiyo ni safari ndefu sana ya familia nzima. Mwili wa mzee unaitoa dawa taratibu, asubuhi bado amelewa, choo kiko nje, taa hakuna. Nikiona cheti cha mzee huwa napiga simu kuuliza kama inawezekana apate kitu kingine, na madaktari wengi wanakubali. Kama lazima, basi dozi ndogo, na mtu alale naye chumba kimoja usiku wa mwanzo, na akiamka akae kwanza kwenye ukingo wa kitanda kabla ya kusimama. Mzee mwenye tezi dume au presha ya macho asipewe siklobenzaprini wala ofenadrini, nyingine ya misuli, bila daktari kujua hilo, mkojo unaweza kuziba kabisa.

Tofauti na wote hao ni wagonjwa wa kiharusi, waliovunjika uti wa mgongo, watoto wenye mtindio wa ubongo ambao misuli imekaza muda wote. Hao baklofeni wanaitumia miezi na miaka na kwao ni sawa kabisa, ndo dawa yao. Kwao hatari iko upande wa pili, kukatika. Ukiacha baklofeni ghafla baada ya kuitumia muda mrefu mgonjwa anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, misuli kukaza kuliko mwanzo, homa juu. Na familia inasema ameingiwa na mashetani wanampeleka kwenye maombi. Kwahiyo wewe unayemuuguza baba nyumbani usisubiri kopo liwe tupu, zikibaki za wiki anza kutafuta, na kama hela haijatimia njoo uchukue hata za siku chache kuliko kukosa kabisa. Na kama figo zake zina shida hakikisha daktari anajua, baklofeni inatoka kwa njia ya figo, zikishindwa inajaa mwilini mtu anachanganyikiwa au anashindwa kuamka.

Usimgawie mtu. Najua ni upendo, shoga yako ana shingo, una vidonge sita vimebaki, lakini hujui kifuko chake kina nini. Vilivyobaki rudisha famasi, usiviache kwenye droo ambayo mtoto anafika. Na ukipata madhara yoyote, hata ukiona madogo, tuambie tuyaripoti TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, huko ndiko yanakokusanywa.

Ukimkuta mtu amezidisha, anakoroma vibaya, ukimwita haamki vizuri, anapumua polepole, usimnyweshe maziwa. Najua ndo kitu cha kwanza tunachokimbilia majumbani, lakini mtu aliyesinzia akinyweshwa inaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri mara moja, beba na pakiti au kibahasha alichotumia hata kama kitupu, huko hospitali ndo kitu cha kwanza watakachouliza.

Na kuna migongo ambayo sio ya dawa hii hata siku moja. Ukiona mgongo unauma alafu sehemu zile zinazogusa siti ya baiskeli zimekufa ganzi, au mkojo unagoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, au choo kinakutoka, au mguu unazidi kukosa nguvu, huo ni mshipa wa fahamu umebanwa na kila saa ina maana, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, ikibidi wakupe rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ukiona mgongo unauma wiki na wiki, usiku unatoka jasho, homa za jioni, unakonda, sema upimwe TB, inaingia mpaka kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na matibabu ya TB kwenye vituo vya serikali hayalipiwi. Ukianguka kwenye pikipiki au ukadondoka ghorofani mgongo ukauma piga picha kwanza. Mtu mwenye dalili hizo akija kaunta kwangu akataka ya misuli simuuzii, namwandikia kwenye karatasi aende wapi na amwambie nini daktari wa kwanza atakayemkuta.